Kupungua si kukonda: kilo chache zinazoweza kukuokoa

Mwanamke mmoja, mfanyabiashara wa nguo katika soko la Gikomba jijini Nairobi, alikuja kuniona kwa sababu ya magoti. Alikuwa na umri wa miaka 52. Alisema kila akipanda ngazi kuelekea nyumbani kwake, orofa ya tatu, magoti humwuma hadi machozi yakamtoka. Usiku naye hukoroma sana hata mumewe akahamia chumba cha watoto.

Nilimpima. Uzani wake ulikuwa kilo 90 na kimo chake mita 1.60. Shinikizo la damu lilikuwa 162 kwa 100. Sukari katika damu ilikuwa imeanza kupanda, ingawa haikuwa imefikia kiwango cha ugonjwa wa kisukari. Nilimpa tembe za presha na kumshauri apunguze mwili.

Mama huyu alitii. Aliacha soda, akapunguza sukari katika chai, na badala ya kupanda matatu akawa anakwenda sokoni kwa miguu. Baada ya miezi minane alikuwa amepunguza kilo saba. Presha ilishuka, magoti yakatulia, na mumewe akarudi chumbani.

Kisha akaenda matangani mashambani. Jamaa zake walipomwona walishtuka. Wifi yake alimvuta kando akamwuliza kwa sauti ya chini kama amewahi kwenda kupimwa. Shangazi yake alilia. Aliporejea Nairobi, akina mama wa chama chake walifika nyumbani kumwombea bila kuitwa.

"Daktari," aliniambia baadaye, "niliona heri nife nikiwa mnene kuliko kuishi nikisengenywa."

Alirudia ulaji wake wa zamani. Na kwa kuwa alijihisi mzima, akaacha tembe pia. Miaka miwili baadaye binti yake alinipigia simu usiku: mdomo wa mama umekwenda upande na mkono wa kulia hauna nguvu. Nilimwambia amkimbize hospitalini papo hapo. Kilikuwa kiharusi.

Yu hai, lakini mkono ule haujarudi kama ulivyokuwa. Siwezi kudai kwamba zile kilo saba peke yake zingemkinga, kwani kuacha tembe kulikuwa na madhara makubwa. Hata hivyo, kuna kosa moja lililokuwa langu. Nilimfundisha namna ya kupungua, nikasahau kumwandaa kwa maneno ya watu. Ndiyo sababu wiki hii, msomaji, nataka tuzungumze kuhusu unene, madhara yake, faida ya kuupunguza, na jinsi ya kuwajibu wale watakaokuuliza unaumwa na nini.

KWA NINI TUNAOGOPA KUPUNGUA

Katika lugha yetu, mtu aliyenenepa husemwa amenawiri. Aliyepungua husemwa amekonda, na neno hilo huja na picha ya shida, yaani njaa, ndoa mbaya au maradhi. Mwanamume mwenye kitambi hupishwa njia akidhaniwa ana pesa. Mke mwembamba humtia mumewe aibu, eti hamlishi.

Juu ya hayo ulikuja ukimwi. Katika miaka ya 1990, kabla ya dawa za kupunguza makali ya virusi kupatikana kwa wingi nchini, wagonjwa walikonda mbele ya macho yetu hadi wakafariki. Mnamo Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa. Sisi tuliokuwa wanafunzi wakati huo tulizika walimu, majirani na jamaa zetu. Si ajabu kwamba hadi leo mtu akipungua kilo tano, watu huanza kunong'ona.

Lakini mambo yamebadilika. Siku hizi mtu mwenye virusi vya ukimwi anayemeza dawa zake kila siku huishi miaka mingi akiwa na mwili wake, na wengine hata hunenepa. Huwezi kumtazama mtu mwili ukajua hali yake. Kipimo cha damu pekee ndicho husema.

Inafaa basi tutenganishe mambo mawili. Kukonda ni kupoteza uzani bila kutaka, ilhali hujabadilisha ulaji wala mwendo wako. Ukipoteza zaidi ya asilimia tano ya uzani wako kwa muda wa miezi sita hadi mwaka mmoja kwa njia hiyo, nenda hospitalini. Nenda upesi zaidi ikiwa kuna kikohozi kisichokoma kwa wiki mbili, jasho jingi usiku, homa za mara kwa mara, kiu na kukojoa sana, uvimbe, au moyo kwenda mbio. Huenda ikawa kifua kikuu, kisukari, ukimwi, ugonjwa wa tezi ya shingo au saratani.

Kupungua ninakozungumzia hapa ni kule unakokukusudia. Unajua ulichoacha kula na unajua umetembea mara ngapi. Nguvu zako huongezeka, usingizi huwa mzuri na pumzi hukutosha. Hizo si dalili za ugonjwa.

JE, WEWE NI MNENE KUPITA KIASI?

Usitumie macho, kwani macho yetu yamezoea unene. Tumia vipimo viwili.

Cha kwanza ni uzani ukilinganishwa na kimo. Chukua uzani wako kwa kilo, ugawanye kwa kimo chako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa kimo hicho hicho. Mama wa Gikomba alikuwa na kilo 90. Gawanya kwa 1.60 upate 56.25. Gawanya tena kwa 1.60 upate takriban 35. Jibu likiwa kati ya 18.5 na 24.9, uzani wako unafaa. Kuanzia 25 hadi 29.9 umezidi. Kuanzia 30 kwenda juu huo ni unene wa kupindukia, na Shirika la Afya Duniani huuhesabu kuwa ugonjwa.

Cha pili ni kiuno, na kwa maoni yangu ndicho muhimu zaidi kwa sababu huonyesha mafuta yamekaa wapi. Chukua utepe wa fundi cherehani. Simama wima, pumua nje kwa kawaida bila kuvuta tumbo ndani, na uzungushe utepe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamke akifikisha sentimita 80 na mwanamume 94, hatari imeanza. Mwanamke akipita 88 na mwanamume akipita 102, hatari ni kubwa. Ukitaka kanuni nyepesi ya kukumbuka, kiuno chako kisifikie nusu ya kimo chako. Mwenye kimo cha sentimita 160 asifikishe kiuno cha 80.

Wanaume wengi hupita katika kipimo cha kwanza wakaanguka katika cha pili. Mikono ni myembamba, miguu ni myembamba, lakini mshipi wa suruali umeteremka chini ya kitambi. Ukisema, "Mimi bado navaa suruali namba ile ile," jiulize unaifungia wapi.

Hatuzungumzii watu wachache. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya ulionyesha kuwa mnamo 2008 na 2009, wanawake 25 kwa kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 hapa Kenya walikuwa na uzani uliozidi. Kufikia 2014 walikuwa 33. Jijini Nairobi mwaka huo walikaribia nusu. Utafiti wa 2022, uliowatazama wenye umri wa miaka 20 hadi 49, ulipata wanawake 45 kwa kila 100, na wanaume 19.

MAFUTA HUFANYA NINI MWILINI

Watu wengi hudhani mafuta ni mzigo tu, kama gunia lililobebwa mgongoni. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, kama vile ya mapaja na makalio, hayana madhara makubwa. Yale yaliyojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini na matumbo, ndiyo ya kuogopwa. Haya hayatulii. Hutiririsha mafuta katika damu yanayokwenda moja kwa moja kwenye ini, na hutoa kemikali zinazovuruga kazi ya mwili. Matokeo yake ni haya:

Kisukari. Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho ili sukari iweze kutoka kwenye damu na kuingia katika misuli. Mafuta yakizidi, misuli na ini huacha kuitii. Kongosho hulazimika kutengeneza insulini nyingi zaidi mwaka baada ya mwaka, hadi lichoke. Hapo sukari hubaki katika damu na kuharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na miguu.

Shinikizo la damu. Mwili mkubwa huhitaji damu nyingi, na figo zilizobanwa na mafuta huhifadhi chumvi na maji. Moyo husukuma kwa nguvu zaidi, mishipa hukakamaa, na mwisho wake ni kiharusi, moyo kushindwa na kazi, au figo kufa.

Magoti na mgongo. Goti halibebi uzani wako peke yake. Kila unapopiga hatua, mzigo juu yake huwa mara kadhaa ya uzani huo, na gegedu huchakaa.

Pumzi na usingizi. Mafuta ya shingoni hubana njia ya hewa mtu anapolala. Hukoroma, kisha pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, kisha hushtuka. Jambo hili hurudiwa mara nyingi kila usiku. Mchana husinzia kazini, na akiwa dereva huhatarisha wengine.

Saratani. Mwaka wa 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitaja aina 13 za saratani zinazohusiana na mafuta mengi mwilini. Miongoni mwake ni ya matiti kwa waliokoma hedhi, ya mfuko wa uzazi, ya utumbo mpana, ya ini na ya figo.

Uzazi. Mwanamke mnene huweza kukosa hedhi ya kawaida na kuchelewa kupata mimba. Akipata, hatari ya kisukari cha ujauzito, presha na kujifungua kwa upasuaji huongezeka. Kwa mwanamume, mishipa iliyoharibika humpunguzia nguvu za kiume. Wengi huja kuniona kwa ajili hiyo, kumbe kilichoanza ni kitambi.

Kuna somo la hapa kwetu ambalo kila mkazi wa jiji angepaswa kulijua. Watafiti walifuatilia Waluo waliohama kutoka mashambani magharibi mwa Kenya wakaja kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990. Presha ya waliohama ilikuwa imepanda katika muda wa miezi michache tu tangu wafike mjini, na mkojo wao ulionyesha kwamba chakula chao kilikuwa kimebadilika, chumvi ikazidi. Watu walikuwa wa jamii moja na damu moja. Kilichobadilika ni maisha.

FAIDA YA KILO CHACHE

Nilipomwonyesha mama wa Gikomba ile hesabu, aliniuliza anapaswa kufikia kilo ngapi. Kwa kimo chake, uzani unaofaa hauzidi kilo 63 hivi. Alicheka. "Daktari, hizo nilikuwa nazo nikiwa msichana."

Hapa ndipo wengi hukata tamaa kabla ya kuanza. Hawajui kwamba faida nyingi hupatikana mapema, unapopunguza asilimia tano hadi kumi tu ya uzani wako. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo nne na nusu hadi tisa. Atabaki mnene, lakini mnene mwenye hatari ndogo zaidi. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale mabaya, huwa miongoni mwa yanayotangulia kuondoka.

Ushahidi upo. Nchini Finland, watu 522 wanene ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilisaidiwa kubadilisha ulaji na kufanya mazoezi. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wamepungua wastani wa kilo 4.2 tu. Hata hivyo, matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2001 yalionyesha kwamba hatari yao ya kupata kisukari ilikuwa imepungua kwa asilimia 58.

Mwaka uliofuata, 2002, Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti wao wa watu 3,234. Lengo lilikuwa kupunguza asilimia saba ya uzani na kutembea dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kisukari ilipungua kwa asilimia 58 vilevile. Waliopewa tembe za metformin walipata nafuu ya asilimia 31. Yaani, miguu na sahani vilishinda tembe.

Hata aliyekwisha kuugua ana tumaini. Utafiti uliofanywa Scotland na kaskazini mwa Uingereza, ukatolewa mwishoni mwa 2017, uliwahusu watu waliokuwa na kisukari cha ukubwani kwa muda usiozidi miaka sita na wasiotumia insulini. Kwa lishe kali chini ya uangalizi wa wauguzi na wataalamu wa lishe, karibu nusu yao sukari ilirudi kawaida bila dawa baada ya mwaka mmoja. Miongoni mwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, walikuwa 86 kwa kila 100. Hii haimaanishi kisukari kimeng'olewa, kwani uzani ukirudi nacho hurudi.

Presha nayo hushuka takriban kipimo kimoja kwa kila kilo inayoondoka. Ama magoti, kila kilo unayopoteza hupunguza mzigo juu ya goti kwa takriban kilo nne katika kila hatua. Mama wa Gikomba alipopunguza kilo saba, kila goti lake lilipumzishwa kilo 28 kila alipokanyaga ngazi. Si ajabu maumivu yalitulia.

NAMNA YA KUANZA

Kilo moja ya mafuta mwilini ina takriban kalori 7,700. Ukipunguza kalori 250 kwa siku, kwa hesabu ya karatasi utapoteza karibu kilo moja kwa mwezi. Baadaye mwili hupunguza kasi, kwa hivyo usishangae mizani ikisimama. Endelea.

1. Anza na vinywaji. Soda ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, sawa na vijiko 12 vidogo. Hizo ni kalori 200. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku akipunguza vijiko viwili vya sukari katika kila kikombe huondoa karibu kalori 100. Bia ya nusu lita nayo ina takriban kalori 200, kabla ya kuagiza nyama choma. Kiu ikatwe kwa maji.

2. Pima mafuta ya kupikia kwa kijiko. Wengi wetu humimina moja kwa moja kutoka kwenye mtungi. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120. Sukuma wiki ya familia ya watu watano haihitaji zaidi ya vijiko viwili.

3. Panga sahani upya. Nusu iwe mboga: sukuma wiki, kabeji, kunde, terere au managu. Robo iwe ugali, wali au chapati. Robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, omena, samaki, yai au kipande cha nyama. Katika nyumba nyingi nilizoalikwa, ugali ndio hushika nusu, na mboga hukaa pembeni kama kachumbari. Geuza tu mpango huo. Hakuna haja ya kununua vyakula vya supamaketi vya bei ghali.

4. Chipsi, mandazi, smoki na mahamri yawe chakula cha siku moja moja. Tunda lililiwe zima, kwani juisi huacha nyuzinyuzi na kukupa sukari.

5. Tembea angalau nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa kasi inayokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Shuka matatu vituo viwili kabla. Panda ngazi badala ya lifti. Ikiwa mtaa wako si salama jioni, tembea wakati wa chakula cha mchana, au ruka kamba na kucheza muziki nyumbani. Magoti yakiuma, anza na dakika kumi.

6. Lala saa saba hadi nane. Asiyelala vya kutosha hupata njaa zaidi siku ifuatayo.

7. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi. Andika uzani na kiuno katika daftari. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha.

TAHADHARI

Usiache dawa za presha kwa sababu unajihisi mzima. Presha haina maumivu, na anayepunguza dawa ni daktari baada ya kukupima. Ukiwa na kisukari na unatumia insulini au tembe, usianze kushinda njaa bila kushauriwa, kwani sukari inaweza kushuka ghafla ukazimia. Mama mjamzito asijaribu kupungua, bali amwone muuguzi wa kliniki kuhusu lishe. Watoto wasinyimwe chakula. Waondolee soda na vitamutamu, kisha uwaache wacheze.

Jihadhari na chai na vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa mitaani. Vingi huharisha tu. Unachopoteza ni maji na madini, na kwa wengine moyo huvurugika. Siku hizi kuna sindano za kupunguza mwili zilizothibitishwa na sayansi, lakini bei yake ni ghali, zina madhara yake, na hutolewa kwa maagizo ya daktari. Aghalabu anayeziacha hurudia uzani wake. Usinunue kwa mtu uliyekutana naye katika simu.

UTAWAJIBU NINI WATU

Sasa nifike kwenye deni langu. Kabla hujaanza, jiandae hivi.

Kwanza, nenda ukapimwe mapema: presha, sukari na virusi vya ukimwi. Ukijua hali yako, neno la mtu halitakutikisa usiku.

Pili, mweleze mumeo au mkeo, na mtu mmoja mzima anayeheshimiwa katika ukoo, kwamba unapungua kwa ushauri wa daktari na kwa sababu gani. Yeye ndiye atakayekusemea usipokuwapo. Nilipaswa kumwita mume wa yule mama siku ya kwanza. Sikufanya hivyo.

Tatu, peleka nguo zako kwa fundi azipunguze. Msomaji, usilipuuze hili. Nguo inayoning'inia mabegani ndiyo humfanya mtu mzima aonekane mgonjwa. Nguo ikikaa vizuri, watu hao hao husema umependeza.

Nne, uwe na jibu fupi. "Presha ilikuwa juu, daktari akaniambia nipunguze mwili, na sasa imeshuka." Sema hivyo bila kuona haya, kisha umwulize aliyekuuliza yake aliipima lini. Mara nyingi hajawahi.

Na wewe unayemwona mwenzako amepungua, zuia ulimi. Usimwambie mbele ya watu kwamba amekonda. Ikiwa una wasiwasi naye, mwulize faraghani kama yu mzima, na umsikilize. Kama anapungua kwa kusudi, msaidie kwa kutomjazia sahani anapokutembelea.

Mama wa Gikomba huja kliniki kila mwezi kupimwa presha. Juzi alikuja na binti yake, yule aliyenipigia simu usiku ule, na ambaye sasa ndiye anayeendesha biashara ya nguo. Ana miaka 29. Nilipomaliza na mama, binti alivua viatu akapanda mizani bila kuambiwa: kilo 84, kwa kimo cha mita 1.62. Nikampima kiuno, sentimita 97.

"Zangu ni ngapi za kuondoa?" akauliza.

Nikamwambia aanze na kilo nne. Mama yake, akiwa kitini, akasema, "Na akienda nyumbani, nitakwenda naye. Wakimwuliza, nitawajibu mimi."

Leo jioni, msomaji, azima utepe kwa fundi wa mtaani kwenu, ukipime kiuno chako. Andika namba hiyo mahali utakapoiona kesho.